Je, wajua kwa nini kompyuta za zamani zitakwama kwenye 2,147,483,647?

Januari 19, 2038, saa 12:14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta ambazo bado zinatunza muda kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, zitakuwa zimehesabu sekunde 2,147,483,647 tangu mwaka 1970 uanze. Sekunde itakayofuata hazina pa kuiandika, na nyingi zitajikuta zimerudi Desemba 1901.

Namba hiyo ni tasa: haigawanyiki bila kubakiza ila kwa 1 na kwa yenyewe. Je, kompyuta zilipewa kikomo hicho kwa sababu ya utasa wake? La. Katika biti 32, moja huonyesha chanya au hasi, na 31 zilizobaki hubeba namba, ndiyo maana kikomo ni 2³¹ − 1. Utasa umetokea tu. Kikomo cha biti 16, yaani 2¹⁵ − 1, ni 32,767, nacho ni 7 × 31 × 151. Cha biti 64, yaani 2⁶³ − 1, kinagawanyika kwa 7. Kipeo kisipokuwa tasa, kama 15 au 63, namba inayopatikana haiwezi kuwa tasa. Kipeo 31 ni tasa, lakini hilo nalo halitoshi: 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, sawa na 23 × 89. Hakuna njia ila kuipima.

Aliyeipima ni Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg, mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Kwa njia ya kawaida angejaribu namba zote tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, karibu 46,341, nazo ni kama 4,800. Uhodari wake ni kugundua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Hapo zinabaki namba zisizofika 400, na nyingi kati ya hizo si tasa, basi huachwa. Zilizosalia zote zilishindwa kuigawanya.

Kwa kuwa 2³¹ − 1 ni tasa, ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna namba kamilifu kubwa zaidi itakayogunduliwa, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Watu wakajisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, kwa kipimo kisichohitaji kujaribu vigawo kimojakimoja. Kipimo hicho, kikiwa kimeboreshwa na Mmarekani Derrick Lehmer, ndicho kilichothibitisha namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320.