Je, Wajua Kwa Nini Kompyuta Hushindwa Kujumlisha Hesabu za Kampuni Zenye Mama Mmoja?

Kila Machi, kurasa za magazeti ya Nairobi hujaa majedwali ya benki. Ni msimu wa matokeo ya mwaka, na ukitazama vizuri utaona safu mbili zimekaa bega kwa bega: moja ya benki ya hapa Kenya, nyingine ya kundi zima, yaani kampuni mama pamoja na kampuni tanzu inazozimiliki. KCB na Equity zote zina kampuni tanzu Uganda, Tanzania, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Safu ya kundi ndiyo inayowakesha wahasibu.

Msomaji mdadisi atauliza: kompyuta hupiga hesabu milioni kadhaa kabla hujapepesa jicho, sasa kuunganisha vitabu vya kampuni sita kunawezaje kula wiki nzima, wakati mwingine zaidi? Jibu ni kwamba kujumlisha hakujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba namba ikitoka Kampala ndani ya karatasi ya Eksel, inatoka uchi. Haisemi ni ya nani, ya kipindi gani, ya shilingi ipi, wala kama imeandikwa kwa maelfu au kwa mamilioni. Maelezo hayo yote yamo kichwani mwa mhasibu aliyeijaza, naye huenda yuko likizoni.

Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, mwaka 1999, na Sheria ya Kampuni ya 2015 inaitaka kampuni mama itoe hesabu za kundi. Kiwango kinachotawala kazi hii ni IFRS 10. Kinataka kundi lionyeshwe kana kwamba ni kampuni moja tu, na hilo “kana kwamba” ndilo mzizi wa taabu yote.

Chukua kampuni ya kubuni ya sabuni iliyoko Eneo la Viwanda, hapa Nairobi, yenye kampuni tanzu Kampala na Dar es Salaam. Nairobi imetengeneza sabuni kwa gharama ya KSh milioni 8, ikaiuzia Kampala kwa milioni 10. Kufikia mwisho wa mwaka, Kampala imeuza asilimia 60 ya mzigo ule kwa wateja wa nje, na asilimia 40 bado imo ghalani. Katika vitabu vya Nairobi, mauzo ni milioni 10 na faida ni milioni 2. Katika vitabu vya Kampala, sabuni iliyobaki ghalani ina thamani ya milioni 4.

Kwa kundi, picha ni tofauti kabisa. Huwezi kujiuzia mwenyewe ukasema umefanya biashara, kwa hiyo yale mauzo ya milioni 10 yanafutwa. Sabuni ya ghalani ililigharimu kundi milioni 3.2, si milioni 4, hivyo KSh 800,000 ni faida ambayo bado haijapatikana na lazima iondolewe. Ukijumlisha tu vitabu vya pande zote, mauzo yatavimba, faida itazidi, na mkaguzi wa hesabu atakurudishia faili lako bila salamu.

Hilo ni ankara moja. Kundi la kweli lina maelfu ya ankara za namna hii, pamoja na mikopo kati ya kampuni ndugu, ada za usimamizi na gawio. Pande mbili nazo ni nadra kukubaliana. Nairobi imeandika ankara tarehe 29 Desemba. Kampala imepokea mzigo tarehe 4 Januari na kuuandika katika mwaka mpya. Nairobi inasema inadai, Kampala inasema haidaiwi. Sehemu kubwa ya zile wiki huishia hapa, kwenye simu na barua pepe za “hebu angalia tena, ndugu yangu,” wala si kwenye hesabu yenyewe.

Mtu wa Nairobi anaweza kulielewa suluhisho kwa kutazama ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe ule una namba ya muamala, kiasi, jina, tarehe na saa, na namba ya muamala iliyo kwenye simu ya aliyetuma ndiyo iliyo kwenye simu ya aliyepokea. Mkibishana, mnalinganisha namba hiyo na ubishi unakwisha. Ankara za kampuni ndugu zingekuwa na tabia hiyo, programu ingezioanisha zenyewe usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi mhasibu angekuta zile zilizokosa mwenza tu.

Kuipa kila namba utambulisho wa aina hiyo ndiyo kazi ya viwango vya data iliyopangwa, na kinachojulikana zaidi katika fani ya fedha ni XBRL. Mwaka 1998, Charles Hoffman, mhasibu wa jimbo la Washington nchini Marekani, alianza kujaribu kama lugha ya kompyuta ya XML inaweza kubeba taarifa za fedha. Chama cha wahasibu wa huko, AICPA, kikaunga mkono, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2000. Toleo la 2.1, ambalo ndilo msingi hadi leo, lilitoka 2003.

Ndani ya XBRL, kila namba hubandikwa lebo. Lebo inaeleza namba ni ya nini (mauzo, bidhaa zilizo ghalani, deni la benki), ni ya kampuni gani, ni ya kipindi gani na ni ya sarafu gani: KES, UGX, TZS. Huongezwa pia kiwango cha usahihi wake, yaani imekadiriwa hadi elfu au hadi milioni, lakini thamani yenyewe husomwa ikiwa kamili. Ule ugomvi wa “Dar wametuma kwa maelfu, Kampala kwa mamilioni” unakufa hapo. Kampuni yenyewe inaweza kutambuliwa kwa LEI, kitambulisho cha kimataifa chenye herufi na tarakimu 20. Majina ya vitu hutoka katika orodha rasmi iitwayo taksonomia, na taasisi ya IFRS Foundation hutoa yake kila mwaka.

Kuna jambo katika lebo hizo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Kila kitu katika taksonomia kimetiwa alama ya aina ya wakati: ama ni cha tarehe moja, kama fedha zilizo benki 31 Desemba, ama ni cha muda, kama mauzo ya mwaka mzima. Sasa tazama kanuni ya IAS 21, kimojawapo cha viwango vile vya kimataifa, kuhusu kubadilisha sarafu: mali na madeni hubadilishwa kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya kufunga hesabu, mapato na matumizi kwa viwango vya siku za miamala, na kwa kawaida wastani hukubalika kama sarafu haikuyumba sana. Programu ikisoma aina ya wakati, inajua itumie kiwango kipi bila kuuliza mtu. Mtaji wa hisa ni wa kuangaliwa: umetiwa alama ya tarehe moja, lakini kwa desturi huachwa kwa kiwango cha zamani, cha siku ulipoingia. Kanuni ya ziada inahitajika, na ni lazima mtu aiandike.

Na zipo nchi zinazovuruga utaratibu huu. Kuanzia hesabu zilizofungwa mwisho wa 2022, Ethiopia ilihesabiwa kuwa na uchumi wa mfumuko mkali wa bei. Kampuni ya Nairobi yenye tanzu Addis Ababa, kama Safaricom iliyozindua huduma huko 2022, ililazimika kwanza kurekebisha hesabu za tanzu hiyo kwa fahirisi ya bei chini ya IAS 29, kisha kubadilisha kila kitu, mapato yakiwemo, kwa kiwango cha kufunga. Ile njia ya wastani haikutumika. Programu inaweza kuifanya kazi hiyo, mradi lebo ya kampuni inaiambia kwamba hii ni ya birr na kanuni zake ni tofauti.

Hapa wauzaji wa programu hupenda kutuchanganya. XBRL yenyewe haiunganishi hesabu. Kanuni zake za msingi za kujumlisha hufanya kazi ndani ya kampuni moja, kipindi kimoja na sarafu moja: zinaweza kuthibitisha kwamba mauzo kutoa gharama ni faida ghafi ya Kampala, lakini haziwezi kuivuka mipaka na kuijumlisha Kampala na Dar. Kuvuka huko kunahitaji kanuni za ziada, ziandikwe kwa nyongeza iitwayo XBRL Formula au katika programu maalumu ya kuunganisha hesabu. Ukiambiwa “nunua XBRL na kundi litajiunganisha,” shika mfuko wako.

Ndiyo maana mahali lebo inapobandikwa huamua kila kitu. Makampuni mengi duniani yaliingia katika XBRL kwa kusukumwa na wasimamizi. Marekani ilianza kuyalazimisha makampuni makubwa kabisa mwaka 2009, Afrika Kusini ilianza Julai 2018 kupitia msajili wake wa kampuni, na Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwa hesabu za kundi za miaka inayoanza Januari 2020. Kwa kuwa ni sharti la mwisho wa safari, wengi walimaliza hesabu kwa Eksel kama zamani, kisha wakampa mtu kazi ya kubandika lebo kwenye ripoti iliyokwisha. Hiyo ni kazi juu ya kazi. Marekani miaka ile ya mwanzo ilijaa ripoti zenye alama ya kutoa mahali pasipostahili na sufuri zilizozidi, kwa sababu aliyebandika lebo hakuwa ndiye aliyeandika namba.

Lebo ikibandikwa chini kabisa, kwenye leja ya Kampala siku ankara inapoingia, hali hugeuka. Ipo sehemu ya XBRL iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, XBRL GL, inayoshughulikia maingizo ya leja badala ya ripoti. Akaunti namba 4010 ya Kampala na akaunti namba 7-200 ya Dar, kila moja ikielekezwa kwenye kitu kilekile cha taksonomia, hazina haja ya kufanana. Kila ofisi inabaki na vitabu vyake vinavyokidhi mamlaka ya kodi ya nchi yake, na Nairobi inasoma lebo. Mkaguzi naye, akiitilia shaka namba ya kundi, anaweza kuifuata hadi kwenye ankara iliyoizaa.

Yapo maswali ambayo lebo haiyajibu. Kampuni yenye asilimia 48 ya hisa za kampuni nyingine, wengine wakiwa wanahisa wadogo waliotawanyika, je, inaidhibiti kampuni hiyo au la? Likijibiwa ndiyo, hesabu zote zinaingia kwenye kundi. Likijibiwa hapana, unaingia mstari mmoja tu. Hilo huamuliwa kwa kusoma mikataba na kuangalia kura zinavyopigwa, na huenda likabishaniwa mezani siku nzima.

Mtihani ulio karibu ni IFRS 18, kiwango kipya cha kupanga taarifa za mapato kinachoanza kutumika kwa miaka inayoanzia Januari 2027, pamoja na namba za 2026 za kulinganisha. Kinagawa mapato na matumizi katika mafungu ya uendeshaji, uwekezaji na ufadhili. Hata faida au hasara ya kubadilisha sarafu hupelekwa, isipokuwa pale gharama ya kufanya hivyo ikizidi kiasi, kwenye fungu la kitu kilichoizaa: ya deni la mteja huku, ya mkopo wa benki kule. Leja inayorundika tofauti zote za sarafu katika akaunti moja haiwezi kujua ipi ni ya nani. Wahasibu wa makundi yenye vitabu vya namna hiyo wana kazi ya kurudi nyuma, ingizo kwa ingizo, hadi Januari 2026.