Kuchapa vipuri vya manowari kwa 3D: yanayosemwa na yalivyo

"Karibuni manowari nzima itachapwa." Hapana. Mashine nyingi za unga wa metali, ambazo leza huyeyusha unga tabaka kwa tabaka, zina chumba cha sentimita 25 kwa 25, kimo kama 30. Humo huingia valvu na vichujio; mwili wa meli utaendelea kuwa mabamba ya kuchomelea. Kwa vitu vikubwa hutumika waya: roboti ya kuchomelea hulaza metali tabaka juu ya tabaka. Hivyo ndivyo Naval Group ya Ufaransa ilivyotengeneza rafadha ya Andromède, meli ya kusaka mabomu ya baharini: upana mita 2.5, mapanga matano, kila moja kilo 200.

"Ukibonyeza kitufe, kipuri kinatoka tayari." Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kipande kinapotoka kwenye mashine kimejaa mkazo wa joto. Ukikikata kwenye bamba kilichochapiwa juu yake kabla ya kukipasha tanurini, kinaweza kupinda papo hapo. Baada ya kukatwa, vipuri vya kazi nzito hupelekwa kwenye tanuri lenye gesi ya agoni, shinikizo lake takriban mara 1,000 ya hewa ya kawaida, ili vitundu vya ndani vijifunge. Kitundu kilichotokeza hadi usoni hakifungiki, maana gesi huingia humo humo. Kisha kukereza: kazi ya waya huachiwa milimita kadhaa za ziada, kwani uso wake ni mawimbi matupu.

Vitundu vyenyewe vina vyanzo tofauti. Leza ikipita kwa kasi mno au nguvu ikipungua, tabaka haziungani. Nguvu ikizidi, metali huchemka na kunasa gesi. Unga wenye unyevu nao huongeza vitundu.

"Metali iliyochapwa ni dhaifu." Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L kikichapwa kwa leza vizuri huanza kupinda kwa kudumu kwa nguvu kubwa kuliko kile cha kawaida kilicholainishwa kwa joto. Udhaifu huja pale mzigo unapojirudia mara maelfu: ufa huanzia kwenye kitundu au uso wenye makwaruzo. Ili kupima nguvu ya metali, vijiti vya majaribio huchapwa pamoja na kipuri, vingine vikisimama na vingine vikilala, halafu huvutwa hadi vikatike.

"Ni nafuu kuliko kusubu." Ukitaka mia, subu. Faida iko kwenye kipuri kimoja ambacho msambazaji wake alishafunga na kalibu haipo.

"Mabaharia watajichapia lolote." USS Bataan, manowari ya Marekani, iliwekewa mashine ya waya na leza mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikachapwa sahani ya kunyunyizia ya kompresa. Lakini angalia kichujio kidogo kilichochapwa cha kutoa maji kwenye bomba la mvuke la USS Harry S. Truman, manowari ya Marekani ya kubeba ndege: kiliidhinishwa 2018, kikawekwa melini 2019, kisha kikapangiwa mwaka mzima wa uangalizi. Kuchapa huchukua siku chache. Karatasi za idhini ndizo hula miezi.