Bawasiri si nyama iliyoota

Wengi huamini bawasiri ni kinyama kigeni kinacholetwa na kukalia sakafu ya baridi. Sivyo. Kila mtu, hata mtoto mchanga, ana vijimto laini vya mishipa ya damu, kwa kawaida vitatu, ndani ya njia ya haja kubwa, ambayo kwa mtu mzima ina urefu wa sentimita 3 hadi 4 hivi. Vijimto hivi husaidia misuli kuziba njia hiyo kabisa, upepo na majimaji visivuje. Choo kigumu na kujikamua kwa muda mrefu hulegeza nyuzi zinazovishikilia, vikavimba na kushuka; hiyo ndiyo bawasiri. Vya juu havina neva za maumivu, ndiyo maana hutoa damu nyekundu bila kuuma. Uvimbe wa chini, penye ngozi, huweza kuuma sana. Hata hivyo anayetokwa na damu akapimwe hospitali: saratani ya utumbo mpana nayo huvujisha damu.