Mpira Namba 6 na Namba 7: Mpira Mdogo Unasaidia Kiasi Gani?

Tarehe 17 Februari 2024, mjini Indianapolis, Stephen Curry wa Golden State Warriors na Sabrina Ionescu wa New York Liberty walishindana kutupa pointi tatu za mpira wa kikapu. Kila mmoja alikuwa na mipira 27 na alama 40 za kuwania. Curry alipata 29, Ionescu 26. Wote wawili walitupa kutoka kwenye mstari wa NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, na ni Ionescu mwenyewe aliyetaka iwe hivyo. Tofauti pekee ya vifaa ilikuwa mpira: Curry alitumia namba 7, Ionescu namba 6 aliouzoea kwenye WNBA, ligi ya wanawake. Alama zake 26 ni sawasawa na zile zilizompa Damian Lillard ubingwa wa pointi tatu wa wanaume usiku uleule.

Toka siku hiyo hoja moja haichoki kurudi: alikuwa na mpira mdogo. Ni kweli, alikuwa nao. Lakini wanaoirudia hoja hii ni nadra kutaja ukubwa wa msaada wenyewe, wakati unapimika kwa hesabu ya shule ya sekondari. Tuupime.

Namba 7 ya NBA ina mzingo wa inchi 29.5, yaani karibu sm 75, na uzito wa wakia 22, karibu gramu 620. Namba 6 ina mzingo wa inchi 28.5, sm 72.4, na wakia 20, karibu gramu 567. Kwa hiyo mpira wa wanawake umepungua mzingo kwa asilimia 3 na kidogo, na uzito kwa asilimia 9. Kipenyo kinashuka kutoka sm 23.85 hadi sm 23.04. Tofauti ni milimita 8. Zishike hizo milimita 8, kwa sababu ubishi wote umesimama juu yake.

Ringi haikubadilika. Kwa wote ina kipenyo cha ndani cha sm 45.7 hivi (FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, inaruhusu sm 45.0 hadi 45.9), na ukingo wake wa juu uko mita 3.05 kutoka sakafuni. Mpira ukipungua na ringi ikabaki vilevile, nafasi ya kupita inaongezeka, na hilo halina ubishi. Swali ni inaongezeka kiasi gani.

Chukua kwanza kukosea kushoto au kulia. Ili mpira upite katikati bila kugusa chuma, namba 7 inaruhusiwa kupotoka sm 10.9 kila upande, na namba 6 sm 11.3. Ukiwa kwenye mstari wa NBA, mita 7.24 kutoka katikati ya ringi, hizo ni nyuzi 0.86 kwa Curry na nyuzi 0.89 kwa Ionescu. Sasa rudi kwenye mstari wa WNBA, mita 6.75, lakini ukiwa na mpira mkubwa: unapata nyuzi 0.92. Maana yake ni kwamba Ionescu, kwa kurudi nyuma hadi mstari wa wanaume, alipoteza zaidi ya kile ambacho mpira mdogo ulimpa kwa upande huo. Mwaka 2023, kwenye mstari wake wa kawaida, alikuwa amepata alama 37 kati ya 40 mjini Las Vegas.

Upande wa mbele na nyuma ndiko msaada ulipo hasa, na ndiko pia unakopotea. Mpira hauingii kwenye ringi wima. Unaingia kwa kulala, na kadiri unavyolala ndivyo mdomo wa ringi unavyoonekana mwembamba kwake. Ukiingia kwa nyuzi 45, ule mdomo wa sm 45.7 unakuwa kama sm 32.3. Toa kipenyo cha mpira: namba 7 inabakiwa na sm 8.5 za kukosea, namba 6 sm 9.3. Ukiingia kwa nyuzi 38, zinabaki 4.3 na 5.1. Kwa nyuzi 50, 11.2 na 12.0. Tofauti ni zilezile milimita 8 kila mahali, lakini kwa mtupaji wa mpira bapa ni msaada wa karibu moja ya tano, na kwa mwenye upinde mzuri ni asilimia 7 tu. Chini ya nyuzi 31.5 namba 7 haiwezi kabisa kupita bila kugusa chuma. Namba 6 inakwama kwenye nyuzi 30.3.

Sasa weka kimo. Mchezaji wa wastani wa WNBA ana karibu sm 183, wa NBA karibu sm 198, na wanaume wengi hutoa mpira wakiwa juu zaidi hewani. Chukua watupaji wawili walio mita 6.5 kutoka kwenye ringi, wote wakitoa mpira kwa nyuzi 52. Mmoja anauachia mita 2.40 kutoka sakafuni, mwingine mita 2.20. Wa kwanza mpira wake utaingia kwa nyuzi 47, wa pili kwa nyuzi 45.5. Kwa sm 20 hizo za kimo cha kuachia, wa pili amepoteza karibu milimita 9 za nafasi. Mpira mdogo unamrudishia 8.

Hapo ndipo ninaposimama. Milimita 8 za mpira ni takriban fidia ya ringi ambayo haikushushwa. Aliye chini anaweza kuirudisha pembe yake kwa kutoa mpira kwa nyuzi 53 na zaidi badala ya 52, ila sharti aurushe kwa kasi kubwa zaidi, na hilo linadai nishati zaidi kwa asilimia 3 na kidogo. Kama mpira ni ule mzito, anailipa kwa mabega na magoti yake. Kama ni mwepesi kwa asilimia 9, anaimudu na mbinu inabaki safi.

Kiganja nacho kimesahaulika mno kwenye mjadala huu. Urefu wa kiganja cha mwanamke pamoja na vidole kwa wastani ni karibu sm 18, cha mwanaume sm 19 na kidogo. Hiyo ni tofauti ya asilimia 6 au 7, na mpira umepunguzwa kwa asilimia 3 tu. Hata akiwa na namba 6, mwanamke wa wastani ameshika mpira ulio mkubwa zaidi kwa kiganja chake kuliko namba 7 ilivyo kwa mwanaume wa wastani.

Marekani ililiona hili mapema: vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, vilihamia mpira wa inchi 28.5 kwa wanawake msimu wa 1984–85, na WNBA iliuchukua tangu ilipoanza mwaka 1997. FIBA ilifuata mwaka 2004. Kwenye mchezo wa 3x3, wa watatu kwa watatu, kuna suluhisho jingine ninalolipenda: wanaume na wanawake wanatumia mpira mmoja, wenye ukubwa wa namba 6 lakini uzito wa namba 7, gramu 580 hadi 620. Mkono unapata mpira unaoshikika, na uzito unaufanya utulie kwenye upepo, maana mchezo huo huchezwa sana nje.

Wapo wanaotaka ringi ishushwe kwa wanawake. Elena Delle Donne, mchezaji wa zamani wa WNBA mwenye sm 196, aliwahi kuliunga mkono jambo hilo hadharani. Siliafiki. Mpira wa pili ni gharama ambayo shule inaweza kujipanga kwayo, lakini ringi nyingi za huku kwetu zimechomelewa kwenye nguzo iliyozama kwenye zege, na uwanja ni mmoja kwa wote. Ringi ya kimo cha pili ingewaacha wasichana bila uwanja. Na Delle Donne mwenyewe, kwenye ringi hiyohiyo ya mita 3.05, amepiga mitupo huru kwa karibu asilimia 94 katika maisha yake yote ya WNBA, ilhali Curry anayeongoza NBA yuko karibu na 91. Kwa ligi nzima, WNBA iko karibu asilimia 80 na NBA karibu 78. Kwenye pointi tatu wanaume wanawazidi wanawake kidogo, karibu 36 kwa 34. Kama mpira mdogo ungekuwa upendeleo mkubwa, usingejificha kwenye takwimu hizo.

Dhuluma ninayoiona mimi iko kwenye mazoezi. Mahali pengi shule ina mpira mmoja au miwili, na mipira hiyo ni namba 7 kwa sababu ndiyo iliyoombwa na timu ya wavulana. Wasichana wanafanya mazoezi nayo msimu mzima, kisha siku ya mashindano refa anatoa namba 6. Kocha anaona mipira inagonga chuma cha nyuma au ubao na kupitiliza, anadhani ni woga. Si woga. Ukitumia nishati ileile kwenye mpira uliopungua asilimia 9, kasi inaongezeka kwa karibu asilimia 5, na umbali kwa karibu asilimia 10. Kwenye mtupo huru hiyo ingekuwa kama sm 40. Kwa vitendo inakuwa pungufu, kwa kuwa sehemu ya nguvu huishia kwenye kusogeza mikono yenyewe, lakini hata nusu ya hapo inatosha kuharibu mechi.

Ubaya unaodumu zaidi ni ule wa mbinu. Msichana wa miaka 13 aliyepewa namba 7 anashusha mpira hadi kiunoni ili apate nguvu, kiwiko kinafunguka kwenda nje, na kidole gumba cha mkono wa kushikilia kinaanza kusukuma. Matokeo yake yanasomeka ukisimama nyuma yake: mpira unazunguka kwa mshazari, unakwenda bapa, na kwa anayetumia mkono wa kulia unakosea mara nyingi upande wa kulia, kwa kuwa gumba la kushoto limeusukuma huko. Usimpigie kelele kuhusu kiwiko. Mpe mpira sahihi kwanza, umsogeze hadi mita 2 au 3 kutoka kwenye ringi, atupe kwa mkono mmoja hadi mpira uzunguke kinyumenyume ukiwa umenyooka, kisha umrudishe nyuma hatua moja moja. Kwa walio chini ya miaka 12, wavulana na wasichana, namba 5 ndiyo sahihi: inchi 27.5 na takriban gramu 480.

Kama hakuna fedha za mipira miwili na lazima ununue mmoja wa kuchangia, nunua namba 6. Mvulana anayefanyia mazoezi mpira mdogo kidogo atazoea namba 7 ndani ya siku chache kwa sababu nguvu anazo. Msichana aliyejengewa mtupo wa kusukuma kutoka kiunoni anaweza kuhitaji mwaka mzima kuubomoa.

Usiamini namba iliyochapwa kwenye mpira wa bei rahisi. Upime. Zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya mpira, mara tatu kwa mielekeo tofauti. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sm 1, mpira umevimba upande na hautafika kiwango hata ukiujaza vipi. Uweke kwenye mizani ya duka. Kisha uachie kutoka kimo cha mita 1.80, ukipima kutoka tumbo la chini la mpira: sehemu yake ya juu inatakiwa irudi kati ya mita 1.20 na 1.40. Presha ya NBA ni 7.5 hadi 8.5 psi (pauni kwa inchi ya mraba). Lowesha sindano kwa tone la maji kabla ya kuichomeka, la sivyo utatoboa blada. Na pima presha mahali na saa mtakayochezea: mpira uliojazwa 8 psi asubuhi kwenye nyuzi joto 20, ukipigwa na jua hadi ufike 40, utasoma karibu 9.5. Utaruka kama jiwe kwenye ringi, na mtupaji atalaumiwa kwa kosa la pampu.

Mwisho mistari, maana mpira sahihi kwenye mstari usio sahihi haufai kitu. Machi 2024, kwenye mashindano ya wanawake ya NCAA mjini Portland, iligundulika kuwa mistari ya pointi tatu ya pande mbili za uwanja haikuwa na umbali sawa, na mechi zilikuwa zimekwisha kuchezwa hapo. Kama ilitokea pale, itatokea kwenye uwanja wa zege uliochorwa kwa macho. Ning'iniza timazi katikati ya ringi na uweke alama chini. Alama hiyo inapaswa kuwa sm 157.5 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Kutoka hapo vuta kamba isiyonyumbuka ya mita 6.75 na uchore. Kipimo kinaishia kwenye ukingo wa nje wa mstari. Pembeni, mistari iliyonyooka inakaa sm 90 ndani ya mstari wa pembeni, na inakutana na upinde mita 2.99 kutoka mstari wa mwisho. Kama haikutani hapo, kamba imenyumbuka au ringi imepinda, na ni lazima ujue ipi kati ya hizo kabla ya kufungua kopo la rangi. Kisha nenda upande wa pili na upime upya kutoka kwenye timazi. Usinakili vipimo vya upande wa kwanza.