Je, wajua kwa nini renjifainda inaweza kusema "tayari" na picha ikatoka na ukungu?

Renjifainda ni kifaa cha kupimia umbali kilicho ndani ya baadhi ya kamera, kinachokusaidia kuweka fokasi, yaani ukali wa picha. Ukichungulia kwenye kidirisha cha kamera ya aina hiyo, katikati utaona kiraka kidogo chenye mwanga. Ndani yake mna taswira ya pili ya kile kile unachokitazama, imesogea pembeni kidogo. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili zilaliane ziwe moja, kisha unabonyeza. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kiraka kile kinanionyesha kile ambacho lenzi inakiona. Picha zangu za karibu zilipoanza kutoka na ukungu, ilhali taswira zilikuwa zimelaliana barabara, hukumu yangu ilikuwa moja: lenzi imeharibika. Nikampelekea fundi lenzi isiyo na kosa lolote.

Wengi hukosea hapo hapo, na imani hiyo inafaa kung'olewa kabla hujagusa skrubu hata moja. Kiraka hakioni kupitia lenzi. Funika lenzi kwa kifuniko chake, kiraka kitaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kwenye kamera za aina ya Leica M unaweza hata kuitoa lenzi kabisa, halafu ukakisukuma taratibu kwa kidole kile kigurudumu kidogo kilicho juu, ndani ya mdomo wa kamera. Taswira ya pili itasafiri kushoto na kulia bila lenzi yoyote kuwepo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilirudia mara nyingi, kwa sababu ilikuwa vigumu kukubali kwamba kidole changu tu kilikuwa "kinaweka fokasi".

Kinachotupoteza ni kwamba ndani ya kidirisha vitu vyote huonekana vikali, vya karibu na vya mbali pamoja. Macho yanaona ukali, akili inasema picha iko sawa. Lakini tunachokitazama pale ni chombo cha kupimia. Picha yenyewe iko kwingine.

Chombo hicho hupima kwa pembetatu. Kuna madirisha mawili upande wa mbele. Kwenye Leica M umbali kati yake ni karibu milimita 69. Yanafanya kazi kama macho mawili. Simamisha kidole mbele ya uso, ukisogeze polepole kuelekea pua: macho yanazidi kugeukiana, na kadiri yanavyogeuka ndivyo unavyojua kidole kimekaribia kiasi gani. Ndani ya kamera, kioo, prizimu au lenzi ndogo husogea badala ya jicho la pili. Kitu kikiwa mita 1, pembe kati ya mistari miwili ya kutazama ni kama nyuzi 4. Kikiwa mita 10, ni nyuzi 0.4. Kikiwa mita 100, ni nyuzi 0.04 tu.

Pembe ikishapatikana, lenzi lazima iwe imekaa mahali panapolingana nayo, na hapa ndipo matatizo mengi huzaliwa. Fikiria mafundi wawili wa nguo: mmoja anampima mteja, mwingine anakata kitambaa chumba cha pili, na kati yao yupo mjumbe. Mpimaji anaweza kuwa sahihi na mkataji hodari, lakini mjumbe akikosea namba, nguo haitamtosha mteja. Mjumbe wa kamera ni ule ukingo ulio nyuma ya lenzi, pamoja na kigurudumu kinachouegemea na wenzo unaosogeza kioo, prizimu au lenzi hiyo ndogo. Njia hii ya kuunganisha kipimo na lenzi ilionekana kwenye kamera ya Kodak mwaka 1916, kisha Leica na Contax zikaja na zao mwaka 1932.

Mjumbe huyo hubeba ujumbe mdogo mno. Lenzi ya milimita 50 ikitoka fokasi ya mbali kabisa hadi mita 1, husogea kama milimita 2.6. Kutoka mbali kabisa hadi mita 10, husogea robo milimita tu. Pigo moja la kamera kuanguka linatosha kabisa kuuharibu.

Basi chunguza kwa kutenganisha. Taswira zikipishana juu na chini, zinasumbua jicho lakini kipimo hakijaharibika. Zikipishana kushoto na kulia wakati lenzi iko kwenye alama ya ∞ (mbali kabisa), hapo kuna kosa la kweli, ila lenga mwezi au kitu kilicho zaidi ya kilomita moja. Jengo la mita 100 halitoshi. Zile nyuzi 0.04 jicho makini huziona, na utarekebisha kitu kizima ukakiharibu. Mbali pakiwa sawa na karibu pakakosea, shaka inaangukia urefu wa wenzo. Kuurekebisha ni kazi ya subira, maana ukigusa marekebisho ya karibu, ya mbali nayo husogea.

Kisha badilisha lenzi. Kosa likibaki kwa lenzi zote na kuelekea upande uleule, ni la kamera. Likifuata lenzi moja, ni la lenzi hiyo. Usihukumu kwa picha moja, kwani mkono hutikisika. Vilevile baadhi ya lenzi huhamisha fokasi zenyewe unapopunguza tundu la kupitishia mwanga, hivyo jaribu tundu likiwa wazi kabisa, kamera ikiwa juu ya stendi.

Kwa kamera ya filamu, kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji hata filamu. Fungua mgongo, tandaza utepe wa gundi usiong'aa, wenye chenga, kwenye reli zinazobeba filamu, upande wa chenga ukielekea lenzi, halafu shikilia shata (pazia linalofungua njia ya mwanga) wazi kwenye B, alama inayoliacha wazi muda wote unaobonyeza. Juu ya utepe itatokea picha iliyopinduka, na hiyo ndiyo ile lenzi inayoiona. Yangu niliilenga rula iliyokuwa mita 1. Kiraka kilisema tayari, utepe ukaonyesha ukungu. Nikazungusha pete kidogo, namba za rula zikakaza kwenye utepe huku taswira za kirakani zikiachana. Lenzi ya pili ikafanya vivyo hivyo. Mara ya pili nilipokwenda kwa fundi, lenzi niliiacha nyumbani.