Tesita isipowaka haimaanishi umeme haupo
Kwenye magrupu ya wanafunzi wa umeme wa viwandani hapa Tanga kuna ujumbe usiokoma kuzunguka: zima swichi, gusa waya kwa tesita (bisibisi yenye kitaa), isipowaka fanya kazi. Nawaomba, msiusambaze. Kitaa cha tesita huwashwa na mkondo mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukisimama juu ya mpira, au jua likiwaka, huenda usikione. Tena kapasita (sehemu zinazohifadhi chaji ya umeme) za kifaa kinachoendesha mota ya volti 400 zinaweza kubaki na volti zaidi ya 500 hata baada ya kuzima. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye mfuniko, kisha pima kwa mita ya volti uliyoijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, na uijaribu tena ukimaliza. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu nyumbani, kwenye balbu, tesita mara nyingi husema kweli.