Kusoma sheria Dar es Salaam: wanayokuambia mtaani na yanayokusubiri

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haipoi. Leo binti wa shangazi, kesho kijana wa jirani, keshokutwa mama niliyemwandikia mkataba wa pango mwaka juzi anamleta mwanawe. Swali ni lilelile: “Dada, anataka sheria. Chuo gani hapo Dar?” Vyuo havikosi. Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ipo, Chuo Kikuu Huria kipo Kinondoni, na vingine vimejaa mji mzima. Kinachonipa kazi ni yale ambayo mtoto ameshayabeba kichwani kabla hajanipigia.

“Nikimaliza LLB, mimi ni wakili”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoumiza watu mfukoni na moyoni. Shahada ya sheria, ndiyo hiyo LLB, inakufanya mhitimu wa sheria. Uwakili ni jambo jingine. Baada ya miaka yako chuoni (Mlimani ni minne) unakwenda Sinza, barabara ya Sam Nujoma, jirani na kituo cha mabasi cha Simu 2000. Pale ndipo ilipo Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu huiita Law School tu. Unasoma mwaka mmoja, darasani na kwenye mazoezi mahakamani na ofisini kwa mawakili. Ukifaulu, unaomba kuapishwa, na Jaji Mkuu anakuingiza kwenye orodha ya mawakili. Hapo ndipo joho linapokuwa lako.

Dhana hii haikuzuka hivihivi. Shule hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka uliofuata. Waliosoma kabla yake walifanya mazoezi kazini, kisha wakahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kwa hiyo mjomba aliyemaliza Mlimani miaka ya tisini anapokuambia “ukishapata digrii mambo yamekwisha”, hakudanganyi. Anakusimulia njia aliyopita yeye, na njia ile imefungwa.

Usifikiri pia kwamba Sinza ni ya wanaotaka uwakili wa kujitegemea peke yao. Soma matangazo ya kazi ya serikali ya Hakimu Mkazi au Afisa Sheria, uone mara ngapi wanataka aliyemaliza mafunzo hayo. Na bumu la chuoni, yaani fedha za mkopo wa serikali, halikufuati hadi huko. Bodi ya Mikopo ina mwongozo wake kwa wanafunzi wa Law School, unaomba upya. Mzazi anayepiga hesabu ya miaka minne apige ya mitano, na aongeze miezi ya kusubiri katikati.

Wakenya wasicheke. Willy Mutunga alisoma sheria Dar es Salaam na baadaye akawa Jaji Mkuu wa Kenya, lakini Mkenya anayechukua shahada yake Dar leo, akirudi kwao anakuta Kenya School of Law inamsubiri pale Karen, Nairobi. Mzanzibari naye ajue kwamba Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na orodha yake ya mawakili.

“Law School wanafelisha makusudi”

Oktoba 2022 nchi nzima ilikuwa inazungumzia Sinza. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu (wa kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliodisko (walioondolewa masomoni) 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza, na kila kijiwe kikawa na kamati yake pia.

Sina ushahidi wa hila yoyote, na sitauzua. Ninachojua ni nilichokiona kwenye dawati langu. Nimepokea vijana wa mazoezi wenye GPA (wastani wa alama za chuo) nzuri kuliko yangu, nikawaambia waandike hati ya kiapo ya kuunga mkono ombi la kuongezewa muda. Ni karatasi mbili tu. Kijana mmoja aliniletea kurasa sita zenye Kiingereza cha kupendeza. Aya ya tatu ilikuwa hoja ya kisheria, ya tano ilikuwa maombi, na ya saba ilimlaumu wakili wa upande wa pili. Hati ya kiapo inabeba mambo ya kweli yanayojulikana na anayeapa, basi. Hoja mahali pake ni mbele ya jaji. Mwishoni hapakuwa na uthibitisho wa yapi anayajua mwenyewe na yapi aliambiwa, na kwa nani. Sehemu ya kiapo haikuonyesha mahali wala tarehe. Ingeingia mahakamani vile, ingetupwa, na mteja angepoteza haki yake bila hata kesi kusikilizwa. Huyo kijana hakuwa mjinga. Miaka minne alikuwa ameulizwa maswali ya insha, akayajibu vizuri. Hakuna aliyempa karatasi tupu na mteja mwenye hofu.

Kwa hiyo ukiwa bado chuoni, tafuta kuandika. Hati ya madai, utetezi, kiapo, mkataba. Usisubiri Sinza ikufundishe kushika kalamu.

“Sheria ni ya wenye mdomo”

Hapana. Sheria ni ya wenye makalio, samahani kwa lugha, maana utakaa na kusoma mpaka kiti kikuzoee.

“Ni kukariri vifungu”

Vifungu viko kwenye kitabu na jaji anacho. Chukua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo utakutana nayo tu. Mwaka 1988, Bi Holaria Pastory wa Uhayani aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa wa ukoo. Bernardo Ephrahim wa ukoo wake akaenda mahakamani: kwa mila za Wahaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Na mila ile haikuwa maneno ya wazee tu, ilikuwa imeandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya, Muleba, ikageuza. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya.

Aliyekariri kanuni ya mila amekwama, kanuni inamnyima mama. Ila mwaka 1984 Katiba ilikuwa imeingiziwa haki za msingi, na ubaguzi ukakatazwa. Jaji akauliza kanuni ile isomweje sasa. Hakuifuta ardhi ya ukoo. Alimpa mwanamke haki ileile ya mwanamume: anaweza kuuza, na mwanaukoo asiyeridhika akomboe shamba kwa kurudisha bei. Hukumu ilitoka 1990. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini mahakama tatu zilitazama karatasi zilezile zikaona mambo tofauti, huyo amesoma sheria.

“Lazima uwe na HKL au HGL”, “lazima uwe umetoka shule ya Kiingereza”

La kwanza, la michepuo ya kidato cha sita (Historia au Jiografia pamoja na lugha): fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka wako, tazama chuo kimoja kimoja, masharti hayafanani. Usimuulize mtu, hata mimi.

La pili lina ukweli nusu. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na mwezi uleule wa Februari Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili Musoma, akapandishwa Mahakama ya Rufani. Watu wakadhani Kiingereza kimezikwa. Darasani bado unafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza, na hukumu za zamani ziko kwa Kiingereza. Lakini hicho si Kiingereza cha shule za magari ya njano. Ni msamiati wa fani, na wote mnaanza nao sifuri. Hata kitivo cha sheria cha Mlimani chenyewe kilianza na kidogo, Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawafiki ishirini na mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mlimani walihamia 1964.

“Dar ni gharama tu, bora mkoani pametulia”

Gharama ni kweli. Chumba, daladala, chakula, na ile suti nyeusi ambayo joto la Februari halitaihurumia. Lakini mji huu una kitu cha bure ambacho wanafunzi wengi wanakipita kila siku wakielekea Posta. Mahakama zinakaa hadharani.

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikwenda Mahakama ya Kisutu asubuhi nikitarajia mabishano kama ya kwenye tamthilia. Nikakaa. Jina likaitwa, mshtakiwa akasimama, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, hakimu akataja tarehe. Dakika mbili. Likaitwa jingine, yaleyale. Nikatoka nimenuna. Ilinichukua safari ya tatu kujiuliza kwa nini tarehe zinawekwa karibukaribu namna ile, nikaenda kuifungua Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwenyewe, nikakikuta kifungu. Tangu siku hiyo sijakisahau, na sikukikariri.

Nenda kabla hata hujajaza fomu ya chuo. Zima simu. Ukiingia na hakimu amekaa, inamisha kichwa, tafuta benchi la nyuma. Chukua daftari.